Mboga za Impeshyi: Kuamsha Kinga ya Joto Iliyomo Ndani ya Mmea

Gatsata, mtaa huu wa Kigali, si jangwa. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata katikati ya Impeshyi, ule ukame mrefu unaoanza Juni na kumalizikia Septemba, hewa ya mchana kwa kawaida haipiti sana nyuzi 28 au 29. Lakini mboga zako haziishi kwenye hewa inayopimwa uwanja wa ndege. Zinaishi ndani ya gunia lililoegemezwa ukuta wa tofali, chini ya ukingo wa bati, kwenye mteremko uliomwagwa saruji, na bonde la chini limejaa gereji, vyuma, lami na malori yanayoelekea mpaka wa Gatuna. Saa nane mchana bati haligusiki kwa mkono, na udongo ndani ya kopo umepata moto hadi kwenye mizizi. Ndiyo maana mtu wa Nyamugari au Karuruma, hapahapa Gatsata, anaweza kumwagilia asubuhi na jioni, akamaliza jerikani mbili za maji aliyonunua, na bado akakuta majani yamesinyaa na maua ya nyanya yamelala chini.

Kumwagilia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inafanywa na mmea wenyewe. Kwa kuwa hauwezi kuukimbia ukuta unaowaka, mmea hutengeneza kemikali za kujilinda: sukari na asidi za amino za kushikilia maji ndani ya seli, rangi za kupunguza ukali wa mwanga, protini za kukarabati kilichoharibika, mafuta yenye harufu, nta juu ya jani. Vitu hivi huchukua muda kutengenezwa na vinahitaji malighafi. Ukishalijua hilo, unaacha kupambana na joto kwa ndoo ya maji peke yake. Unachagua mimea iliyozaliwa na kinga, unaizoesha mapema, na unaepuka mambo yanayoidhoofisha. Kazi hii ianze Mei, mvua za Itumba zikiwa bado zinanyesha. Aliyechelewa hadi Julai naye nitamweleza la kufanya, ila ajue uwanja wake ni mdogo.

Jua liko upande gani

Kabla ya kemikali, tuanze na mahali pa kuweka gunia, maana kosa la hapa haliponyeki kwa dawa yoyote.

Rwanda iko takriban nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Mwezi Juni limeegemea kaskazini kiasi kwamba ukuta unaotazama huko hupigwa jua karibu kutwa nzima, kisha ukuta wa magharibi unapokea zamu ya alasiri wakati hewa yenyewe imeshapata moto. Ukuta wa kusini unabaki na kivuli saa za katikati ya mchana. Katika ule ukame mfupi wa Januari na Februari, yaani Urugaryi, mambo hugeuka: jua liko kusini na kivuli kiko kaskazini. Watu wengi huweka makopo yao mahali pamoja mwaka mzima, halafu wanashangaa kwa nini mboga zilizostawi Februari zimeungua Julai. Ukisimama Gatsata ukayatazama majengo marefu ya katikati ya jiji, unatazama kusini. Tumia alama hiyo. Juni ikifika, hamishia magunia upande wa kusini au wa mashariki wa nyumba, ambako yatapata jua la asubuhi na kupumzika adhuhuri.

Yaweke hatua moja kutoka ukutani, maana tofali hulimbikiza joto la mchana na kulitoa usiku kucha, na mmea unahitaji usiku wa baridi kuliko unavyohitaji mchana wa baridi. Inua makopo juu ya vipande vya mbao au matofali yasigusane na saruji. Kopo la bati livike gunia kuukuu au lizungushie nyasi. Matairi chakavu, ambayo Gatsata hayana bei, nakusihi usipandie chakula ndani yake: ni meusi, yanakusanya joto kuliko karibu chochote kingine uani, na mpira wake una zinki na kemikali nyingine zinazotoka polepole kuingia kwenye udongo.

Tukiwa hapo kwenye udongo, niseme jambo ambalo lina uzito kuliko mavuno. Usichukue udongo wa karibu na gereji. Oili chafu, maji ya betri, risasi na vumbi la breki vimemwagika kwenye ardhi ile kwa miaka mingi. Utafiti wa kinamasi cha Nyabugogo uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza madini mazito kama risasi na kadmiamu yanavyoingia kwenye maji, tope na mimea ya huko. Mboga za majani hufyonza madini hayo, na dodo iko mstari wa mbele. Inaweza kuwa ya kijani kibichi, inapendeza macho, na imebeba sumu isiyotoka kwa kuoshwa wala kupikwa. Chukua udongo wa juu mlimani, mbali na barabara, uuchanganye na mboji. Usitumie pipa la oili wala kopo la rangi, na maji ya mahali pa kuoshea magari yasiguse bustani. Kinamasi chenyewe tuyaachie mafunjo.

Nani anaweza na nani hawezi

Mimea haikugawiwa kinga sawasawa. Anayestahili nafasi ya kwanza katika Impeshyi ni dodo, yaani mchicha. Kwanza, jani lake lina namna ya pekee ya kukusanya hewa ya ukaa na kuisukuma ndani kwa wingi, kama ilivyo kwa mahindi, mtama na muwa. Kwa hiyo linaweza kufunga kwa sehemu vile vitundu vyake vya kupumulia, likapunguza maji yanayopotea, na bado likaendelea kujitengenezea chakula wakati jua ni kali. Pili, seli zake hujaza kemikali iitwayo betaini, ambayo hushikilia maji ndani na kuzilinda protini na ngozi ya seli zisiharibike kwa joto na kiu. Tatu, ile dodo yenye majani mekundu ina betasiani, rangi ya ukoo mmoja na ile ya kiazisukari chekundu, inayopunguza mwanga mkali kabla haujafika ndani. Ukikuta dodo yako ya kijani imeanza wekundu kwenye shina wakati wa Julai, usidhani ni ugonjwa.

Wa pili ni isogi, ambayo Tanzania na Kenya huitwa mgagani. Nayo ina ile njia ya kukusanya hewa ya ukaa, na inaota penye udongo hafifu ambapo kabichi ingekata tamaa. Uchungu wake unatokana na viambata vya ulinzi dhidi ya wadudu, vya jamii moja na vile vinavyoipa haradali ukali wake. Kadiri kiu na umri vinavyouzidi mmea, ndivyo uchungu unavyopanda, kwa hiyo chuma mapema, kabla haujatoa maua.

Nyanya ni mgonjwa wa Impeshyi. Haina betaini ya kutosha kusema inayo. Jani lake linaweza kuvumilia, lakini ua haliwezi: joto la mchana likikaribia nyuzi 35 na usiku ukibaki juu ya nyuzi 20 na kitu, chavua hufa au haitoki. Karibu na ukuta uliopata moto, hali hiyo hupatikana hata Kigali. Chukua tawi lenye maua ulitazame kwa karibu. Kwenye kikonyo cha kila ua kuna kifundo kidogo, kama katikati ya urefu wake. Kifundo hicho kikianza kuwa cha manjano huku ua lenyewe bado limefunguka vizuri, ua hilo limeshahukumiwa. Ukiligusa kwa ncha ya kidole linakatika papo hapo kwenye kifundo. Hapo usiongeze mbolea. Sogeza mmea mbali na ukuta, utilie kivuli kuanzia saa tano, na usubiri maua mapya.

Maharage yana ujanja mwingine. Nenda uyatazame saa mbili asubuhi: majani yametandazwa yakilielekea jua. Rudi saa saba: yamesimama wima, ukingo ndio unaolitazama jua, na mwanga unapita pembeni bila kuyapiga usoni. Anayefikiri yamenyauka huyamwagia maji, na maji yenyewe ni ya kununua. Shika jani: likiwa gumu na limejaa, halina kiu. Tatizo la maharage ni lile lile la nyanya, maua kudondoka usiku ukiwa na joto. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha CIAT, chenye makao Kolombia, walitangaza mwaka 2015 kwamba wamepata aina zinazostahimili joto, nyingine kwa kuzalisha maharage ya kawaida na binamu yake wa jangwani, tepari. Mpaka mbegu za namna hiyo zikufikie, panda maharage yako mwishoni mwa Agosti na Septemba kungoja mvua za Umuhindo, usiyalazimishe Julai.

Kabichi na sukuma zina nta. Ule ukungu wa kijivu unaofutika kwa kidole ndio koti lao: hurudisha sehemu ya mwanga na kuzuia maji yasitoke. Kila unapoupangusa ili jani ling'ae, unaliacha uchi. Vumbi la barabara la Impeshyi liondoe kwa kunyunyiza maji asubuhi na mapema, bila kusugua.

Kuzoesha miche

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na hapagharimu hata faranga moja.

Mwaka 1962 mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, alichapisha jambo aliloliona kwenye chembe za nzi wadogo wa matunda. Chombo cha kuwatunzia kilikuwa kimeongezwa joto bila yeye kukusudia, na alipotazama kwa darubini akaona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili kwamba zimeanza kazi ghafla. Baadaye ikafahamika kwamba karibu kila kiumbe, pamoja na mimea, kikipata joto la kukishtua huanza kutengeneza protini maalumu. Protini hizi hukamata protini nyingine zinazoanza kupoteza umbo na kuzirejesha zilivyokuwa, kama fundi wa Gatsata anavyonyoosha bodi ya gari lililogongwa. Mmea ulioonja joto la wastani huwa nazo tayari, na saa chache au siku chache baadaye unaweza kuvumilia joto ambalo lingemuua mwenzake aliyekulia kivulini.

Kwa hiyo usitoe mche kitaluni leo ukaupanda kesho mbele ya ukuta. Miche ikiwa na majani manne ya kweli, anza kuitoa juani kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Kila baada ya siku mbili ongeza saa moja. Wiki ya pili iguse jua la saa sita, kwa muda mfupi. Wakati huohuo punguza maji: ngoja mpaka majani yaanze kulegea kidogo, ndipo umwagilie. Kulegea huko kidogo kunaamsha mambo mawili. Mizizi hutuma homoni iitwayo asidi ya absisiki, inayoyaambia majani yafunge vitundu vyake. Na seli huanza kulimbikiza prolini, asidi ya amino inayofanya kazi inayofanana na ile ya betaini. Nasisitiza neno kidogo. Mche ulioachwa ukauke mpaka ncha zikawa kahawia haukuzoezwa, umejeruhiwa. Baada ya siku kumi hivi, shina litakuwa limeimarika na jani limekuwa nene kidogo kuliko mwanzo. Hamisha jioni, mwagilia, funika kwa siku mbili.

Kuna adui mmoja wa mazoezi haya, naye ni samadi ya kuku au yurea inayowekwa kwa wingi Juni na Julai. Naitrojeni nyingi huusukuma mmea kutoa majani makubwa, laini, yenye maji mengi na nta hafifu. Bustani inapendeza kwa wiki mbili, kisha siku moja ya jua kali inayalaza majani yote. Mbolea ya nguvu weka Aprili. Impeshyi ikianza, mmea uache ukue polepole.

Ambaye amesoma haya Julai na miche yake ni laini, asihamishe chochote. Apande mbegu za dodo moja kwa moja mahali zitakapokulia, azifunike na nyasi chache, aziloweshe kila jioni. Mbegu iliyoota katika joto hukua ikilijua joto hilo tangu siku ya kwanza, na baada ya wiki tatu au nne kuna mboga ya kuchuma.

Majivu, mlonge, na visivyofaa

Vile vitundu vya jani hufunguka na kufunga kwa nguvu ya potasiamu inayoingia na kutoka kwenye seli mbili zinazolinda kila kitundu. Mmea wenye upungufu wa potasiamu hushindwa kufunga kwa wakati, na maji yanaupotea. Dalili yake ni kingo za majani ya chini kukauka huku katikati kukiwa bado kijani. Potasiamu ya bei nafuu ipo jikoni kwako: majivu ya kuni au makaa. Yana chokaa pia, ambayo udongo wenye uchachu, na udongo mwingi wa Rwanda ni wa namna hiyo, unaihitaji. Konzi moja kwa gunia zima inatosha kwa msimu, ikichanganywa na udongo wa juu na kumwagiliwa. Ukizidisha, udongo unageuka kuwa na magadi na mmea unashindwa kupata chuma. Usiyachanganye na samadi mbichi ya kuku wala mkojo, kwa sababu yataifukuza naitrojeni ikapaa hewani kama amonia; utaisikia puani. Na majivu ya mahali palipochomwa plastiki au matairi yasikanyage bustani.

Sasa mlonge. Majani yake machanga yana zeatini, homoni inayochelewesha jani kuzeeka, pamoja na madini na viambata vya kuzuia uharibifu wa seli. Nikolaus Foidl na wenzake waliofanya kazi Nikaragua ndio waliotangaza matumizi ya maji ya mlonge kama dawa ya kunyunyizia mazao, na watafiti wengi, hasa wa Pakistan, wameendelea kuyajaribu kwenye mimea iliyo katika joto na ukame, na mara nyingi mimea iliyonyunyiziwa imefanya vizuri zaidi. Mti wenyewe hustawi zaidi sehemu za chini zenye joto kuliko milima ya Kigali, lakini unaota hata hapa ukipata jua.

Chukua vichomozi na majani machanga, siyo yaliyokomaa. Twanga kwenye kinu kwa maji machache sana, ya kulainisha tu, kisha kamua kwa kitambaa safi. Utapata maji mazito ya kijani yenye harufu kali kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha maji hayo weka katika nusu lita ya maji safi. Hiyo ni karibu na sehemu moja kwa thelathini na mbili, kipimo kilichozoeleka. Usizidishe ukitarajia nguvu zaidi, kwa sababu kamuo zito huweza kuzuia ukuaji. Nyunyiza siku hiyohiyo, ndani ya saa tano tangu kukamua, jioni jua likiwa limeshuka, vijiko viwili hivi kwa kila mmea, juu na chini ya majani. Mara ya kwanza mche ukiwa na kama siku kumi tangu kuota, mara ya pili baada ya mwezi, kisha tena ukikaribia kutoa maua. Kilichobaki kimwage kwenye mboji, kesho kitakuwa kimeharibika.

Utasikia pia habari za kuyeyusha aspirini na kunyunyizia mimea. Asidi ya salisiliki ni kweli ni homoni ya mimea na ina sehemu katika kuvumilia joto, lakini mpaka kati ya kipimo kinachofaa na kinachounguza ni mwembamba. Nyumbani, kazi hiyo iache.

Halafu kuna mikaratusi, inturusu, iliyojaa kwenye vilima kuelekea Jali. Siku ya joto ukipita chini yake unavuta harufu yake kabla hujaiona. Majani yake hutoa mafuta yenye harufu, na pamoja nayo gesi isiyoonekana iitwayo isoprini, ambayo Thomas Sharkey na Eric Singsaas walionyesha mwaka 1995, wakitumia majani ya mmea wa kudzu, kwamba husaidia jani kustahimili joto la ghafla. Kinga nzuri, ila ni ya mkaratusi, haigawiwi jirani. Majani yake mabichi yakitandazwa bustanini hutoa viambata vinavyozuia mbegu nyingine kuota. Nimeona vitalu vilivyokufa kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe analaumu mbegu. Kama huna majani mengine, yaache kwenye lundo la mboji kwa miezi kadhaa kwanza.

Matandazo yaliyo bora ni nyasi kavu na majani makavu ya mgomba. Wakulima wa kahawa nchini hufanya gusasira kila mwaka, na wanajua sababu: udongo uliofunikwa haupati moto na haupotezi maji haraka. Fanya hivyo hata kwenye gunia. Unene wa vidole vinne unatosha, na acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina lisioze. Mchwa wakija, punguza na ugeuzegeuze.

Kivuli na maji

Kivuli cha kutwa nzima hudhoofisha. Jani lililo juani hugeuza sehemu ya rangi zake za manjano kuwa zeaxanthini, rangi ileile inayoyapa mahindi ya njano umanjano wake, na rangi hiyo hutoa nje nguvu ya ziada ya mwanga kama joto lisilodhuru. Mabadiliko hayo hutokea ndani ya dakika, lakini jani lililokulia gizani lina akiba ndogo. Ukilitoa ghafla hupata mabaka meupe yasiyopona. Basi tundika gunia la kufumwa lililofunguliwa, kimo cha mtu, kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha uliondoe. Ukishindwa kuwepo nyumbani saa hizo, litundike upande wa magharibi na kaskazini, jua la asubuhi lipite.

Mwagilia jioni au alfajiri, kwa wingi na kwa nafasi, maji yashuke hadi chini. Vikombe vichache vya kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hufuata maji huko juu, mahali ambapo joto ni kali zaidi. Toboa chupa ya plastiki vitundu viwili kitakoni, ifukie karibu na shina ikiwa wima, uijaze. Maji yatatoka polepole yakifuata mizizi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni hayafai, chumvi zake hubaki kwenye gunia.

Kabla ya kumwagilia, soma jani kwa saa. Likilegea saa nane na likasimama tena saa moja jioni, udongo haukukosa maji, jani lilikuwa linayapoteza haraka kuliko mizizi ilivyoyaleta. Likiwa limelegea saa moja asubuhi, hilo linaomba maji, lipe. Nyanya iliyoachwa ikauke kabisa kisha ikafurikishwa hupasuka, au huoza kitakoni kwa kuwa kalisi haikufika kwenye tunda kwa wakati. Inataka maji ya kadiri yasiyokatika.

Chunguni

Mmea uliopambana na joto una ladha nyingine. Rozmari na mchaichai huwa na harufu kali zaidi wakati wa ukame. Chuma majani yake asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijapandisha mafuta yake hewani. Pilipili iliyobanwa na kiu kidogo mara nyingi huwa kali zaidi, kwa hiyo pima upya kabla hujatia kwenye mchuzi wa watoto.

Dodo ya Impeshyi inahitaji uangalifu. Katika ukame majani yake yanaweza kulimbikiza naitreti, na oxalati inayo daima, ambayo hushika kalisi ya chakula na si nzuri kwa mwenye mawe ya figo. Chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, ndipo ukaange au utie karanga. Isogi nayo ichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, kisha iungwe kwa maziwa au karanga kama wanavyofanya wengi. Uchungu unabaki kiasi kinachopendeza.

Mwezi Agosti, kabla ya mvua za Umuhindo, pita bustanini na uzi mwekundu. Tafuta mmea wa dodo au isogi uliokaa mahali pabaya kuliko pote, karibu na ukuta au ukingoni mwa saruji, na bado una majani mapana. Ufunge uzi usichumwe tena. Usichague uliochanua wa kwanza, kwa maana kuchanua haraka ni njia ya mmea kuukimbia ukame, na watoto wake watakupa maua badala ya majani. Vichwa vya mbegu vikianza kuwa kahawia, kata asubuhi, anika kivulini juu ya karatasi siku tano, pukuta, pepeta. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, changanya na majivu makavu yaliyochekechwa kuzuia wadudu, andika mwaka juu yake, na uiweke mahali pa baridi, mbali na bati.